Mziki Mnene Kwenye Gari la Wazi



Ukisimama Tegeta kwa Ndevu Jumamosi saa za alasiri, hukosi kuona msafara wa harusi unaoelekea Bunju, Mapinga au Bagamoyo yenyewe. Gari la maharusi limepambwa riboni, na mbele yake kuna pikapu. Juu ya pikapu wamesimama vijana wa matarumbeta, wameipa kabini migongo, wanapuliza huku wakiwatazama maharusi. Hawana betri, hawana amplifaya, hawana waya hata mmoja. Na bado mama muuza machungwa aliye ng'ambo ya barabara, katikati ya ngurumo za malori ya saruji ya Wazo, anausikia wimbo na mabega yanaanza kumtikisika.

Nimewakumbuka vijana hao kwa sababu ya swali la msikilizaji mmoja wa Bagamoyo. Ana Land Rover ya miaka ya 1960, ile fupi ya turubai, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Injini imeshafufuliwa, rangi imerudi, turubai jipya limeshonwa. Sasa anataka kufunga muziki. Swali lake ni fupi: "Nataka mziki mnene. Nianze na wati ngapi?"

Jibu langu, na ndilo nitakalolizungumza jioni hii, ni kwamba kwenye gari la wazi wati ni kitu cha mwisho kununua. Kuna upepo, kuna umeme, kuna chumvi. Hayo yasiposhughulikiwa kwanza, utafunga muziki wa ukumbi mzima wa dansi, na ukifika Kerege utakuwa unasikia mvumo tu.

Niseme kwanza gari la wazi ni lipi, maana pwani yetu haina wingi wa magari ya kifahari yanayojikunja paa ukibonyeza kitufe. Wengi wetu gari la wazi tunalijua kwenye sherehe za kitaifa, pale Rais anapozunguka uwanja akiwa amesimama, akiwapungia wananchi mkono. Lakini yako mengine. Ziko Land Rover za turubai zilizobaki kwa wazee na kwa wenye mashamba. Ziko Suzuki ndogo za turubai. Na ziko Mazda Roadster kutoka Japani, zile zilizoanza kuuzwa mwaka 1989 kwa jina la Eunos, ambazo kwa umri wake sasa nazo zimeingia kwenye kundi la magari ya kale, tupende tusipende. Mimi naongeza na bajaji. Bajaji haina madirisha ya vioo pembeni, na dereva wake ndiye mtaalamu wa kweli wa kupiga muziki ndani ya upepo. Panda bajaji ya kijana anayejipenda: sabufa iko nyuma ya mgongo wako, na spika ndogo mbili ziko juu, usawa wa masikio ya abiria. Hakuziweka miguuni. Huenda shuleni hakufika kwenye somo la mawimbi ya sauti, lakini abiria wamemfundisha.

Tuanze na upepo.

Gari lililofungwa vioo ni chumba kidogo. Spika ikisukuma hewa kwa sauti nzito, hewa ile haina pa kutokea. Mgandamizo unajaa humo ndani na besi inanenepa yenyewe, bure. Ndiyo maana hata redio ya kawaida ya kiwandani ndani ya Corolla inaweza kukupa besi ya kuridhisha. Vua paa, na zawadi hiyo inaondoka. Juu ya hapo, kelele za upepo na za matairi zimejazana upande wa chini wa sauti, kule kule iliko besi, kwa hiyo zinaifunika. Kinachobaki kikisikika ni sauti za kati na za juu: mwimbaji, gitaa la solo, tarumbeta. Sasa unaona kwa nini wale vijana wa pikapu wanashinda. Tarumbeta inatoa nguvu zake pale ambapo sikio la binadamu ni jepesi na kelele ya barabara imepungua. Tena mdomo wake mpana unaielekeza sauti upande mmoja, haiachi itawanyike. Gari la matangazo linalopita mitaani na spika za honi juu ya paa linatumia ujanja huo huo.

Kuhusu wati, wengi tunadhani ukiziongeza mara mbili na sauti inakuwa mara mbili. Haiko hivyo. Nguvu mara mbili inakupa desibeli 3, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangai. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi: utoke wati 50 uende 500. Lakini ukiisogeza spika mpaka umbali wake na sikio upungue nusu, mahali pa wazi unapata kama desibeli 6. Ni sawa na kuongeza nguvu mara nne, na hujatoa hata shilingi. Kwa hiyo zile spika za chini mlangoni, zinazopigia muziki magoti yako, zipandishe. Kwenye Land Rover pa kuzipandishia ni kwenye rafu iliyo chini ya dashibodi, zikitazama juu, au kwenye bomba la chuma nyuma ya viti, lile la kukinga vichwa gari likipinduka.

Na iko njia ya bei nafuu zaidi. Kelele ya upepo unaokatwa na kingo za kioo cha mbele inapanda upesi sana mwendo unapopanda; wahandisi wa sauti wanaikadiria kwa kipeo cha sita cha mwendo. Kwa makadirio hayo, ukishuka kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 50, kelele hiyo inapungua kwa desibeli 12 hivi. Ukitaka kuzipata desibeli 12 kwa amplifaya, utahitaji nguvu mara kumi na sita. Na 50 ndiyo namba iliyo kwenye kibao ukiingia makazi ya watu. Kwa hiyo yule trafiki mwenye tochi aliyejibanza chini ya mwembe anaufanyia muziki wako hisani kubwa, ingawa karatasi atakayokuandikia inahusu jambo jingine.

Watu wa pwani wana jambo la kuongeza ambalo vitabu vya magari vya Ulaya havina. Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo inaelekea kaskazini-magharibi. Msimu wa kusi, upepo uko mgongoni ukienda, na uko usoni ukirudi. Chukua kusi ya kilomita 20 kwa saa inayovuma sawasawa na barabara, na wewe uko kwenye 60. Ukienda, kioo chako kinakata upepo wa 40. Ukirudi, kinakata wa 80. Redio ni ile ile, wimbo ni ule ule, ila jioni utaanza kulaumu spika. Kaskazi ikiingia mambo yanageuka. Ukimpelekea fundi malalamiko, mtajie na mwezi.

Upepo mwingine ni ule unaorudi kisogoni, unaozungukia nyuma ya viti na kukupiga shingoni. Ubao mfupi au wavu mzito nyuma ya viti vya mbele unaupunguza sana. Hilo tuliache hapo.

Sasa umeme, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo magari ya zamani yanapoungulia.

Land Rover ya umri ule, kama haikubadilishwa, ina dainamo, haina alteneta. Dainamo ya Lucas aina ya C40, iliyotumika kwenye magari mengi ya Kiingereza enzi zile, inatoa amperi 22 ikijitahidi kabisa. Tupige hesabu. Taa kubwa mbili za wati 60 kila moja zinakula amperi 10. Koili inayowasha plagi, weka 4. Taa za nyuma na za dashibodi, 2. Waipa mvua ikinyesha, 3. Tumefika 19. Zinabaki amperi 3, ambazo kwa volti 12 ni wati 36. Huo ndio utajiri wako wote usiku wa mvua pale Boko. Na hapo ni injini ikiwa inakimbia. Kwenye foleni, injini ikinguruma taratibu, dainamo haitoi kitu cha maana. Muziki unanyonya betri peke yake. Foleni ikisogea, unakuta gari limezima, halitaki kuwaka, na daladala iliyo nyuma yako haina subira.

Dawa yake ni alteneta ya amperi 45 au 60, na kwa mafundi wetu hiyo si kazi ngeni. Dainamo ya asili ipake mafuta, ifunge kwenye gunia, iweke stoo. Utaona baadaye kwa nini nasema usiitupe.

Halafu yale maandishi ya kwenye boksi. Redio imeandikwa 4x50 kwa wino wa dhahabu. Volti 14 za gari, kwenye spika ya omu 4, ndani ya redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti, haziwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi safi kwa kila spika. Hiyo ni kanuni ya umeme, wala simsemi mtengenezaji yeyote. Zile 50 ni za kufumba na kufumbua, sauti ikiwa imeshapasuka. Namba ya kutazama ni ile iliyoandikwa RMS, na isipoandikwa kabisa, rudisha boksi kwenye rafu. Ukikuta spika ya inchi 6 imeandikwa wati 1,000, cheka kwa adabu uondoke.

Lakini kabla ya yote hayo, boneti ifunguliwe. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960, Land Rover zikiwemo, yana ethi ya pozitivu: waya wa pozitivu wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Redio ya leo inategemea bodi iwe negativu. Ukiifunga hivi hivi, kasha lake la chuma likagusana na dashibodi, moshi unatoka kabla hujapata stesheni. Volkswagen za kobe hazina tabu hiyo, ila za kabla ya mwaka 1967 hivi zina tabu yake nyingine, umeme wa volti 6. Fundi mzuri utamjua hapa. Atatazama betri kwanza, waya gani unaenda wapi, ndipo aombe koleo.

Land Rover ina ujanja wake mwingine unaomtega fundi aliyezoea Toyota. Mabati yake ni ya aluminiamu, chesisi ni ya chuma. Fundi anatafuta ethi ya amplifaya, anaona bati karibu, anazamisha skrubu. Chuma na aluminiamu vikikutana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu inaliwa, inageuka unga mweupe, na misimu michache baadaye ethi haipo. Dalili yake ni mluzi ndani ya spika unaopanda na kushuka kufuata mguu wako kwenye mafuta. Ethi iende kwenye chesisi iliyokwanguliwa rangi mpaka ing'ae, au moja kwa moja kwenye betri. Na tangi la petroli la Land Rover fupi mara nyingi liko chini ya kiti. Narudia kwa ajili ya mafundi vijana: petroli, chini ya kiti. Kabla hujashusha drili pale kutafuta pa kufungia amplifaya, piga magoti uchungulie.

Waya nao una hila zake. Ukienda Kariakoo utauziwa waya mnene, mzuri, unaong'aa ndani ya mpira mwekundu. Omba ncha yake, chukua kisu, kwangua uzi mmoja. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inabeba umeme kidogo kuliko unene wake unavyoahidi, na hewa ya bahari inaimaliza upesi. Fyuzi kubwa iwekwe karibu na betri, ndani ya nusu mita, isiwekwe mwisho wa safari kwenye amplifaya. Kazi yake kubwa ni kulizuia gari lisiwake moto siku waya utakapochunika njiani na kugusa bodi.

Chumvi nimeshaigusa, ila tuimalizie. Bagamoyo watu wanavuna chumvi pale Nunge kwa jua na upepo tu: maji ya bahari yanaachwa kwenye majaruba, yanakauka, chumvi inabaki. Kila alfajiri gari lililolala nje karibu na ufuko linapata umande wenye chumvi, na jua likipanda umande unakauka. Kwenye gari lililofungwa, redio inajikinga. Kwenye gari la wazi inapata kila kitu, na mchana inapata jua la moja kwa moja. Spika ya karatasi inalowa, inajikunja, inapasuka. Ile pete ya sponji inayoshika ukingo wa spika inaoza, ukiigusa inabaki kwenye kidole. Chukua spika ya plastiki yenye pete ya mpira, au ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, ambayo kwa sisi wa pwani ndiyo spika ya kawaida hasa. Viungo vyote vya waya vilehemiwe kwa risasi, vipakwe grisi, vifunikwe. Boksi la sabufa lisiwe la mbao za unga zilizogandishwa kwa gundi, maana mvua moja tu litavimba kama mkate kwenye chai. Litengenezwe kwa plaiwudi ya kuhimili maji, liwe dogo, lizibwe kabisa pande zote. Paa halipo la kukusaidia besi, kwa hiyo boksi ndilo litakalobeba kazi hiyo. Na fundi akikushauri ubandike lami ndani ya milango ili isitetemeke, kubali, lakini asizibe vitundu vya chini vya kutolea maji.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Nimeona dashibodi za magari ya kale zimekatwa kwa msumeno ili redio yenye kioo cha inchi 7 ikae. Kioo chenyewe, juani, bila paa, hakisomeki. Unakiwekea kiganja kivuli kutafuta wimbo huku gari linakwenda. Dashibodi iliyokatwa hairudi. Wenzetu wa Nairobi wana mashindano ya magari ya kale na ya kupendeza, Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo tangu mwaka 1970, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Majaji wake wanainama mpaka chini ya gari. Si lazima uende kushindana Ngong, lakini kanuni inayofaa ni moja: chochote unachofunga kiweze kufunguliwa jioni moja, gari libaki kama lilivyotoka kiwandani. Ndiyo sababu dainamo iko stoo.

Ile redio ya asili, kama bado ipo, iache mahali pake na vitufe vyake viwili vya kuzungusha. Nyingi zinashika masafa ya kati, na nyingine masafa mafupi, yale yaliyobeba sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam tangu ilipoitwa hivyo mwaka 1965. FM ilikuja kutuchangamkia miaka ya 1990, Radio One ilipoanza mwaka 1994 na nyingine zikafuata. Fundi redio wa kizamani, yule mwenye kioo cha kukuzia na bunduki ya kulehemu, anaweza kuingiza ndani ya kasha lile lile njia ya kupokea muziki wa simu, na kitufe cha sauti kikabaki kinafanya kazi yake. Mafundi wa aina hiyo bado wapo, ingawa wengi macho yamechoka na vijana wanakimbilia simu. Kama hutaki kuigusa kabisa, ficha amplifaya ndogo yenye Bluetooth ndani ya kisanduku chenye kufuli. Gari lisilo na paa halifungiki, na kibaka haulizi redio ni ya mwaka gani.

Wenye Roadster za Japani wana shida yao. Redio ya Japani ya miaka ile inashika FM kuanzia 76 mpaka 90 tu, wakati stesheni zetu zinakwenda mpaka 108. Unawekewa kile kifaa kidogo cha kushusha masafa kati ya eriali na redio, halafu kila stesheni inahamia namba ngeni, na nusu ya stesheni hazikai sawa. Ni afadhali kubadilisha redio. Eriali usibadilishe: ile ya kuvuta, ukiivuta ifike sentimita 75 hivi, ndiyo robo ya wimbi la FM, na hakuna kibandiko cha kioo kinachoishinda.

Vyote vimefungwa. Utaupima muziki wako kwa nini? Vijana watapiga wimbo wenye besi nyingi kuliko zote. Huo haukuonyeshi kitu, kwa sababu kila spika mbovu inajua kunguruma. Mimi napendekeza mtu wa Bagamoyo atumie kazi za mzee wa Bagamoyo. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, lakini aliishi hapa, akafundisha kwenye Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, na aliendelea kuishi hapa hadi alipofariki mwaka 2003. Baadhi ya kazi zake, kama albamu ya Chibite, zilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel ya Uingereza, na zimerekodiwa kwa usafi mkubwa. Sasa sikiliza ilimba yake, ile marimba kubwa ya vidole. Kwenye ubao wake kuna tundu lililofunikwa utando wa buibui, na utando huo unatetemeka kila ufunguo unapopigwa, unatoa mvumo mwembamba wa kukwaruza. Mvumo huo umewekwa makusudi. Ndio mpigaji anaoutaka. Kwenye spika mbovu utadhani imechanika. Kwenye spika nzuri, iliyofungwa vizuri, utasikia wazi vitu viwili, ufunguo wa chuma na utando, kila kimoja mahali pake. Ukiweza kuvitenganisha ukiwa kwenye 50, turubai limevuliwa, pale Kiromo, fundi wako amefanya kazi. Mlipe na umwongeze ya soda. Baada ya Zawose weka bendi ya Sikinde, usikilize kama gitaa la rhythm linatengana na la solo au yamekuwa uji mmoja. Mimi ni mtu wa Sikinde. Watu wa bendi pinzani ya Msondo watanisamehe, au wapige simu.

Bado kuna wale walio nje ya gari. Ndani ya gari lililofungwa, muziki wako ni wako. Gari la wazi halina siri. Ukipita ule mtaa mwembamba wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kati ya kuta za mawe ya matumbawe, sauti inagonga ukuta huu na ule, na mzee aliyekaa barazani anausikia wimbo wako wote, na matusi yake kama yamo. Kuna kanuni za mazingira za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na watu huzikumbuka baa inapofungiwa, kana kwamba gari halihusiki. Kuna na masikio yako mwenyewe. Kwa viwango wanavyotumia wataalamu wa afya ya kazini, sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua nusu. Desibeli 100 unapewa robo saa. Mtu anayepandisha sauti ishinde upepo wa kilomita 90 kwa saa anafika huko kirahisi, na robo saa inaisha kabla hajaivuka Bunju.

Kwa hiyo kitu cha mwisho cha kuangalia dukani, na hiki muuzaji hatakutajia, ni kitufe cha sauti. Kataa redio ya kugusa kioo. Chukua yenye kitufe cha kuzungusha, kikubwa, ambacho mkono unakipata bila macho kuhama barabarani. Barabara ya Bagamoyo utakata kona, na mbele yako kuna turubai la msiba, watu wamekaa kwenye mikeka hadi ukingoni mwa lami, na aliye karibu nawe kuliko wote ni mjane. Una sekunde mbili. Kwenye redio ya kioo unatafuta alama, unabonyeza, inakuuliza. Kwenye kitufe, unazungusha mara moja na umekwisha kunyamaza.

Anayetaka hesabu ile ya amperi aandike, tutaisoma tena taratibu Jumatano.